Feni ya betri haipunguzwi mwendo kwa kubaniwa umeme

Usiku mmoja wa mwezi wa tatu, kaskazi imekatika na hewa imesimama kama maji ya kisimani, stima ilipotea mtaani kwetu Majengo, hapa Mombasa, mara tu baada ya isha. Wiki hiyo mamangu alikuwa ametoka hospitali. Presha yamsumbua, na joto ndilo adui yake wa kwanza. Nilikuwa nimemwekea feni ndogo ya volti 12, ile inayokwenda kwa betri, na betri yenyewe yachajiwa na paneli ya sola iliyo juu ya bati. Nikaiwasha saa tatu usiku, nikaigeuza imwelekee kitandani, nikajiona nimefanya la maana.

Haikupita nusu saa akaniita.

"Mwanangu, hiki chombo ama chavuma kama dhoruba ama chazimwa. Hakina katikati?"

Mimi ni fundi wa redio na televisheni, kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Swali la mamangu nililiona dogo. Nikaenda kwenye sanduku langu la vipuri, nikachukua resista moja, nikakata waya mmoja wa feni, nikaipachika katikati, nikaviringisha tepu. Feni ikatulia. Mama akashukuru, akalala.

Saa tisa usiku niliamshwa na harufu. Ile resista ilikuwa imeegemea neti ya mbu, imetoboa tundu ukubwa wa sarafu ya shilingi, na tepu niliyoiviringisha imeyeyuka ikanata kama ubani. Feni nayo ilikuwa yajikokota kwa sababu betri imekwisha. Nilikaa pale gizani nimeishika ile neti, nikaona aibu. Mgonjwa amelala, na aliyetaka kumteketeza ni fundi wa nyumba, tena mwanawe.

Tangu usiku huo nimeshika desturi ya kumweleza kila mteja anayeniletea feni ya betri jambo hili moja. Leo naliandika hapa ili liwafikie na wale wasiofika mezani kwangu. Ukitaka mota ndogo iende polepole, usiubanie umeme njiani. Upime, uutoe kibaba kwa kibaba.

Mota yenyewe ni kitu gani

Ukiifungua mota ya feni ya namna ile, au ya gari la kuchezea la mtoto, utakuta vitu vinne. Pembeni kuna sumaku mbili zimegandishwa kwenye kopo. Katikati kuna chuma kilichoviringishwa nyuzi za shaba, nacho ndicho kinachozunguka. Mwisho wa chuma hicho kuna pete ya shaba iliyokatwa vipande, mafundi twaiita komuteta. Na juu ya pete hiyo zimekaa kaboni mbili, zinazogusa na kuupitisha umeme.

Umeme ukipita kwenye shaba, shaba hugeuka sumaku ya muda. Sumaku za pembeni huivuta upande mmoja na kuisukuma upande wa pili, nayo huzunguka. Kabla haijafika inapovutwa ikatulia, komuteta huwa imeshabadilisha njia ya umeme, basi mvuto huanza upya. Haifiki kamwe inapokimbilia, ndiyo maana haisimami.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo ufunguo wa mambo yote. Mota inapozunguka huwa yenyewe yazalisha umeme pia, kama dinamo ya baiskeli. Umeme huo hupingana na ule wa betri. Mota ikienda polepole, upinzani wake ni mdogo. Ikienda kasi, upinzani hukua, mpaka unakaribia kulingana na volti za betri. Hapo mota haiwezi kuongeza mwendo tena.

Kwa hivyo mwendo wa mota hufuata volti inayoipata. Ipe volti 12 itakwenda mbio, ipe 6 itakwenda karibu nusu ya mbio zile. Waliokuwa na redio kaseti za betri wanalijua hili bila kusomea. Umetia kanda ya Juma Bhalo, mawe yakianza kuchoka sauti yake yazidi kuwa nzito na wimbo wavutika kama mpira. Mle ndani mlikuwa na mota ndogo kama hii. Kanda ilitakiwa ipite sentimita 4.76 kila sekunde, wala si chini ya hapo wala si zaidi. Ndiposa mota nyingi za kaseti ziliwekwa kidhibiti mle mle ndani, cha kuushikilia mwendo wakati volti za mawe zinashuka. Lakini mawe yakichoka kabisa, hata kidhibiti hakina cha kushikilia.

Feni ya mamangu kwa hesabu

Nitatumia tarakimu za feni kama ile ya mamangu, nimezilainisha kidogo hesabu iwe nyepesi. Ikienda kwa kasi yake yote kwenye volti 12 hula ampea 1. Volti mara ampea ni wati, basi ni wati 12. Nyuzi zake za shaba zina ukinzani wa omu 2.

Ampea 1 ikipita kwenye omu 2, volti 2 hupotea kwenye shaba. Volti 10 zilizosalia ndizo zinazokabiliana na ule umeme wa kupinga niliousema. Sasa shika panga za feni kwa nguvu zisizunguke. Umeme wa kupinga hautakuwepo, kwa sababu hakuna mzunguko. Volti zote 12 zitaingia kwenye omu 2, na mota itavuta ampea 6. Ni mara sita ya kawaida yake! Ndio maana feni iliyokwama kwa uchafu au nywele huungua upesi, na ndio maana mota yoyote huvuta umeme mwingi pale inapoanza. Iweke ampea 6 hiyo akilini, tutaihitaji tutakapofika dukani.

Kuna jambo jengine la feni, nalo ni la heri kwetu. Kusukuma hewa kwa kasi ni kazi ngumu mno kuliko kuisukuma polepole. Ukipunguza mwendo wa panga hadi nusu, nguvu inayotakiwa haishuki kwa nusu. Hushuka hadi thumuni. Feni iliyotaka wati 10 za kusukuma hewa itataka wati moja na robo tu. Kwa hivyo mtu anayetaka upepo mwanana wa kulalia hana haja ya betri kubwa, mradi tu asiumwage umeme njiani.

Na mimi usiku ule niliumwaga.

Resista ilikula nini

Resista ni kizuizi. Umeme ukipita hapo, sehemu ya volti zake hugeuka joto, na joto hilo halina kazi yoyote. Tuseme twataka feni yetu iende robo tatu ya mwendo. Yahitajika resista ya omu 6. Feni yenyewe itatumia karibu wati 4.9, na resista itakula karibu wati 1.9. Betri itatoa jumla ya wati 6.8.

Wati 1.9 si nyingi masikioni, lakini ni joto lililokusanyika kwenye kijiti kisichofika urefu wa kucha. Resista ndogo za kawaida zilizojaa kwenye redio zimetengenezwa kuhimili robo ya wati. Ile yangu ilikuwa kubwa kuliko hizo, lakini ilikuwa imevishwa tepu, haipati hewa, imelala juu ya neti. Iliyobaki mwaijua.

Ukitaka mwendo wa nusu, hali huwa mbaya zaidi. Yatakiwa resista ya karibu omu 26. Feni itatumia wati 1.4, na resista 1.6. Yaani kizuizi kinakula kuliko mlaji! Ni kama kumtuma mtoto dukani na shilingi mia tatu, naye anunue vitu vya mia moja na arubaini, zilizobaki azitupe mtaroni.

Betri ya mamangu ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Kwa maandishi hiyo ni akiba ya wati-saa 84. Lakini betri hizi za risasi zikizoeshwa kumalizwa kabisa hufa mapema, kwa hivyo sisi mafundi twamshauri mtu atumie nusu, wati-saa 42. Ukiiwasha feni saa tatu usiku kwa kasi yote, nusu hiyo yaisha kama saa sita na nusu. Kwa resista, robo tatu ya mwendo, yaisha saa tisa na robo. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Kwa njia nitakayoieleza sasa, mwendo huo huo wa robo tatu, yafika saa kumi na moja na dakika ishirini. Alfajiri imeshaadhiniwa na mgonjwa amelala usiku kucha. Betri ni ile ile, feni ni ile ile. Bila shaka betri iliyozeeka itatoa pungufu, lakini tofauti kati ya njia hizi mbili haiondoki.

Resista ina ila nyengine inayoonekana zaidi kwenye mashine za kazi. Kijana mmoja mteja wangu alifunga mota ya waipa ya gari kwenye mbuzi ya nazi, amrahisishie mkewe anayepika vyakula vya kuuza. Mota ikenda kasi mno, nazi ikaruka ukutani. Akatia kizuizi cha waya mnene. Ikawa bila nazi mbuzi yazunguka vizuri, akibandika nazi yasimama. Sababu ni hii: nazi ikikandamizwa mota hulemewa, ikilemewa huvuta ampea zaidi, na ampea zikizidi kizuizi hula volti zaidi. Mota yanyimwa umeme pale pale inapouhitaji.

Na wako wanaounga betri mbili za volti 6 kupata 12, kisha wakitaka feni iende polepole wanachomeka kwenye betri moja tu. Hapo hakuna joto wala harufu, ni kweli. Lakini betri moja yafanya kazi na mwenziwe amelala. Baada ya miezi michache moja imekufa na nyengine nzima, na mbili hizo haziendi tena pamoja.

Kuwasha na kuzima

Njia iliyo sawa ni rahisi mpaka yashangaza. Usiupunguze umeme. Upe mota umeme wote, volti 12 kamili, kisha uukate, kisha uupe tena, haraka haraka, maelfu ya mara kila sekunde.

Mtazame fundi cherehani na cherehani ya miguu. Hasukumi kikanyagio bila kuacha. Anakanyaga, anaachia, anakanyaga, anaachia, na lile gurudumu laendelea kuzunguka bila kusita kwa sababu lina uzito na mwendo wa kulibeba. Panga za feni nazo ni hivyo hivyo. Umeme ukikatwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, panga hazina muda wa kusimama. Tena nyuzi za shaba zenyewe zina tabia ya kukataa mabadiliko ya ghafla: umeme ukishaanza kupita ndani yake hutaka kuendelea kupita. Kwa hivyo mota haihisi kuwashwa na kuzimwa. Inahisi wastani.

Na wastani huo ndio unaouchagua wewe. Swichi ikiwashwa nusu ya muda na kuzimwa nusu, mota yaona kama volti 6. Ikiwashwa robo ya muda yaona volti 3. Ikiwashwa robo tatu yaona volti 9. Mafundi na wauzaji wa vipuri waiita njia hii kwa herufi tatu, PWM, nawe ukifika dukani liseme jina hilo, utaeleweka.

Faida yake ni kwamba swichi iliyozimwa haipitishi umeme, kwa hivyo haipotezi kitu. Swichi iliyowashwa barabara haina kizuizi, kwa hivyo nayo yapoteza kidogo mno. Hakuna mahali ambapo umeme wanyongwa nusu nusu ukageuka joto. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa twakigeuza kibaba kutoa haba na haba, na hakimwagi.

Hata ile mbuzi ya nazi ilipona kwa njia hii. Mota ikilemewa, kila mapigo bado ni ya volti 12 kamili, na hakuna kizuizi cha kuzinyofoa njiani. Mwendo washuka kidogo, lakini nazi yakunika.

Ndani ya ile bodi

Hakuna kidole kinachoweza kubonyeza swichi mara elfu kwa sekunde. Kazi hiyo hufanywa na transista, na aina inayofaa zaidi ni ile iitwayo mosfeti. Ikiwa imefunguka vizuri, ukinzani wake waweza kuwa sehemu mbili tu za mia za omu moja. Ampea 1 ya feni yetu ikipita hapo, joto lake halifiki hata robo ya robo ya wati. Waweza kuishika kwa kidole usihisi kitu.

Mosfeti haina akili, lazima iambiwe lini iwashe na lini izime. Saa yake mara nyingi ni chipu iitwayo 555. Hiyo ni chipu kongwe: aliibuni Hans Camenzind, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa Marekani, mwaka 1971, na kampuni ya Signetics ikaanza kuiuza mwaka 1972. Zaidi ya nusu karne baadaye bado yauzwa kwa bei ya peremende chache. Ukiiunganisha na voliumu kama ile ya sauti ya redio, ukizungusha voliumu unabadilisha muda wa kuwasha na muda wa kuzima.

Kipuri cha tatu ni kidogo lakini kimewapiga chenga vijana wengi wanaojifunza. Ni dayodi inayowekwa sambamba na mota, imegeuzwa kinyume. Umewahi kuufunga mfereji kwa ghafla ukasikia bomba lagonga ukutani? Maji yalikuwa mbioni, yamezuiwa, yakapiga. Umeme ndani ya nyuzi za mota ni hivyo hivyo. Mosfeti ikizima, umeme uliokuwa mbioni hauna pa kwenda, nao huruka hadi volti nyingi kupita za betri na kuitoboa mosfeti. Dayodi huufungulia njia ya kuzunguka mpaka utulie. Kijana akiniletea saketi aliyojitengenezea na kuniambia "Mzee, imeua transista ya tatu sasa," la kwanza ninalolitazama ni dayodi. Mara nyingi haipo, au imewekwa kichwa chini.

Kasi ya mapigo nayo ina adabu yake. Mapigo mia moja kwa sekunde yaifanya mota iungurume na kutetemeka. Mapigo elfu chache hutoa mluzi mwembamba kama wa mbu, na mgonjwa hatalala. Yakipita elfu 20 kwa sekunde sikio la binadamu haliyasikii tena, ingawa mosfeti hupata joto zaidi kidogo kwa kuwashwa na kuzimwa mno. Kwa hivyo kabla ya kununua, mwambie muuzaji akuwashie, uweke sikio.

Ukienda dukani

Si lazima ujitengenezee. Bodi zilizokamilika, zenye voliumu yake, zapatikana kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, na ndogo zake ni za shilingi mia chache. Lakini yatazame haya.

La kwanza ni ampea. Usinunue bodi ya ampea 1 kwa feni ya ampea 1. Kumbuka ile ampea 6 ya mota iliyokwama. Bodi iwe na uwezo wa kuihimili hali hiyo japo kwa muda mfupi.

La pili ni volti. Betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda hadi 14 na zaidi, na paneli iitwayo ya volti 12 ikiwa juani bila mzigo yaweza kupita 20. Bodi isiyovuka volti 15 usiiunge kwenye paneli moja kwa moja.

La tatu ni nyaya. Waya mbili za mota zote ziende kwenye bodi, kwenye matundu ya mota. Bodi nyingi hukata upande wa hasi, kwa hivyo ukichukua hasi ya mota ukaiunga kwenye hasi ya betri kama tulivyozoea, mota itakwenda mbio zake zote na voliumu haitakuwa na kazi. Chanya na hasi za betri usizigeuze; bodi nyingi hazina kinga, nazo hufa papo hapo.

La nne, na hili usilipuuze, ni fyuzi. Iweke kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Kwa feni kama yetu, ya ampea 3 hadi 5 yatosha. Betri hata ndogo, waya wake mmoja ukigusana na mwengine, hutoa umeme wa kuufanya waya uwe mwekundu kama kaa. Nyumba zetu zina mikeka, mapazia na neti. Mimi nimeshaonywa mara moja.

La tano ni la kwetu sisi tunaoishi na bahari. Hewa ya chumvi hula shaba ikaota kutu ya kijani. Bodi iingize kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko, na viungo vya waya vitiwe lehemu, visiwe vya kusokotwa tu.

Na unapoitumia, anza kwa mwendo wa juu kisha punguza. Mota ikipewa kidogo mno tangu mwanzo haitaondoka. Itakaa pale yavuma bila kuzunguka, huku nyuzi na kaboni zapata joto. Ukisikia mvumo na panga hazisogei, ongeza au zima.

Si kila feni

Haya yote ni ya mota ya kaboni inayokwenda kwa betri. Feni ya dari au ya mezani inayochomekwa ukutani kwenye volti 240 ni mota ya namna nyengine kabisa. Usiisogelee na bodi hii, na stima ya ukutani si ya kujaribia.

Pia feni nyingi mpya za sola, na zote za ndani ya kompyuta, hazina kaboni. Zina saketi yake ndogo mle ndani inayopokezana umeme, na ukiikatia umeme mara elfu kwa sekunde yaweza kuchanganyikiwa au kuharibika. Feni ya kompyuta yenye waya nne yajitosheleza, kwani waya wa nne umewekwa kwa ajili ya kupokea amri ya mwendo, mapigo elfu 25 kwa sekunde.

Kuzitofautisha, ichomoe feni kwenye betri, weka testa kwenye waya zake mbili, upande wa volti ndogo za DC, kisha zungusha panga kwa mkono. Testa ikionyesha volti kidogo, hiyo ni ya kaboni. Wakumbuka nilisema mota inayozunguka huzalisha umeme. Isipoonyesha kitu, huenda ndani mna saketi, au kaboni zimekwisha. Muulize fundi kabla ya kukata waya.

Katikati imepatikana

Siku ya pili nilimfungia mamangu bodi. Nikaitia kwenye kikopo cha mafuta ya nywele, voliumu imetokeza juu, nikaiweka mezani anapofikia mkono wake. Neti nikaishona lile tundu kwa uzi mweupe. Halikupendeza, na nimeliacha hivyo ili nilione.

Tangu hapo sijaitwa usiku kwa ajili ya feni. Kukiwa na joto kali jioni aizungusha juu, ikifika usiku wa manane hewa imepoa aishusha mwenyewe, bila kuamsha mtu. Asubuhi nikipima betri ikiwa imetulia yasoma volti 12.1 au 12.2, yaani ndiyo kwanza imefika nusu. Ikijaa husoma 12.7. Paneli yairudisha kabla ya adhuhuri jua likiwa zuri.

Juzi niliona juu ya kile kikopo tone jekundu. Mama amechukua rangi ya kucha ya mjukuu wake akatia alama pale anapopapenda. Nikamuuliza hapo ndipo wapi.

"Hapo ndipo katikati," akaniambia.